Kifundo cha Verlyn, Nyonga ya Arlys

Siku Verlyn Tollefson alipoanguka kutoka kwenye kichanja chake cha mtini cha kuwindia kulungu, mkewe Arlys alimhurumia kwanza, kama inavyompasa mke. Alimvua buti, akamwekea mto chini ya mguu, akaulaani ule mti, akamlaani na yule kulungu ambaye hata risasi hakupigwa. Halafu, wakiwa hospitalini wakisubiri picha za mifupa, wazo likamjia, na akaona haya kwa jinsi lilivyomfurahisha.

"Verlyn," alisema polepole. "Unadhani hii itafika elfu sita?"

Verlyn alikuwa amefumba macho kwa maumivu. "Nini itafika?"

"Bili."

"Mungu apishe mbali!"

"Asipishe," Arlys alisema. "Safari hii asipishe hata kidogo."

Ili Arlys asije akaonekana mke mwenye roho mbaya, ni lazima kwanza uielewe bima yao. Waliipata kupitia kiwanda cha jibini alikofanya kazi Verlyn, nayo, kama bima zote za huko Wisconsin, Marekani, ilikuwa na kizingiti. Kila mwezi walikatwa ada, waugue wasiugue. Lakini mmoja wao akiugua, kampuni ya bima ilitazama pembeni na kupiga mluzi, mpaka nyumba ile iwe imetoa mfukoni mwake dola elfu sita za matibabu ndani ya mwaka. Zikitimia, kizingiti kimevukwa, na kila matibabu yanayofuata, yawe ya baba au ya mama, kampuni inayabeba yenyewe. Raha hiyo hudumu mpaka mwaka uishe. Januari mosi kizingiti kinasimama tena palepale, kana kwamba hukuwahi kukivuka.

Ndiyo maana watu wa pale, ambao hata ukiwakanyaga wanaomba radhi wao, wamejifunza kusema jambo moja bila haya: nani amevuka na nani hajavuka. Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kahawa mkononi, mtu anauliza habari za nyumbani, anajibiwa, "Tunashukuru, tumeshavuka," na wenzake wanampongeza kama aliyepata mjukuu.

Mwaka ule aliyetamba kuliko wote alikuwa LaVonne, dada yake Verlyn. Mumewe alitolewa mfuko wa nyongo mwezi wa Machi, wakavuka mapema, na tangu hapo LaVonne alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho, amenyooshwa kidole gumba cha mguu, na amechunguzwa kila mahali panapochunguzika.

"Wifi, mimi sijui ninyi mnangoja nini," alimwambia Arlys huku akijikatia keki. "Hamna mtu wa kuanguka hapo kwenu? Mwageni maji ngazini."

Arlys alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Yeye ndiye aliyekuwa na shida ya kweli. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha. Daktari alimwonyesha picha yake na kumwambia kwamba mfupa unasaga mfupa, dawa yake ni kuwekewa nyonga mpya na si kitu kingine. Kutembea alitembea, kwa kuyumba. Kusimama jikoni alisimama, kwa kuegemea. Lakini ngazi zilimshinda, na chumba chao cha kulala kilikuwa juu. Kwa majira mawili ya baridi sasa Arlys alilala kwenye kochi la sebuleni, na mumewe akalala juu peke yake, kwenye kitanda walichokilalia tangu walipooana.

Akiba yao ilitosha kuvuka kizingiti mara moja, tena kwa kujibana. Kwa nini basi hawakuvuka? Kwa sababu Verlyn alikuwa Verlyn.

Huyu bwana hakuwahi kununua kitu kwa bei yake. Makopo alinunua yaliyobonyea, mkate alinunua wa jana, mti wa Krismasi aliuchukua mchana wa mkesha wakati mwuzaji ameshakata tamaa. Hata keki ya harusi yao ilikuwa imeagizwa na watu wengine walioachana wiki ileile. Verlyn aliipata kwa nusu bei, wakakwangua jina la Roxanne kwa kisu na kuziba pengo kwa sukari. "Hakuna kitu duniani," alipenda kusema, "kinachostahili bei kilichoandikiwa." Basi kwa akili hiyohiyo aliamua kwamba kuvuka kizingiti kwa nyonga peke yake ni hasara. Wangoje mwaka utakaoleta na jambo lingine, wavuke mara moja kwa mawili. Wakangoja. Jambo lingine halikuja, maana ukitoa nyonga ile, wote wawili walikuwa wazima kama punda. Arlys hakubisha. Alijiambia kwamba ni busara, na usiku akageuza upande wa mto wa kochi.

Sasa Verlyn ameanguka. Kifundo cha mguu wa kushoto kimepasuka mahali pawili. Kufa kufaana.

"Ni nzuri hiyo," LaVonne alisema alipopigiwa simu. "Namaanisha, pole sana. Lakini ni nzuri. Mpigie daktari wa nyonga sasa hivi, wifi, kabla hujavua koti. Desemba ni vita."

Na kweli ilikuwa vita. Kila aliyevuka kizingiti katika wilaya ile alitaka kupasuliwa kabla mwaka haujageuka. Magoti, mabega, macho, pua, wote walipanga foleni. Ofisi ya daktari ilimwambia Arlys kwamba hakuna nafasi hadi mwisho wa Januari. Akapiga tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa sauti tamu ileile, akimwuliza yule dada wa mapokezi habari za paka wake. Siku moja mfugaji mmoja akashikwa na homa ya mapafu, nafasi yake ikabaki wazi. Tarehe ishirini na nane Desemba.

Arlys alikata simu, akakaa kitako kwenye kiti cha jikoni. Alifurahi mpaka akaogopa. Halafu akafanya jambo la kijinga: alichukua kitambaa na mafuta ya mbao, akasugua nguzo ya ngazi kadiri mkono wake ulivyofika, akiwa amesimama chini.

Wiki iliyofuata Verlyn alikwenda hospitali kukaguliwa plasta. Aliendesha mwenyewe, kwa kuwa mguu wa kulia ulikuwa mzima na wa kushoto hauna kazi kwenye gari lao. Arlys alikuwa anasukuma mikate ya viazi ya Krismasi, ameegemea meza kwa tumbo, aliposikia mkongojo ukigonga mlangoni kwa kasi isiyo ya mgonjwa.

"Nimewanyoosha!" Verlyn alisema kabla hajafunga mlango. Baridi iliingia naye. "Arlys, leo nimewanyoosha, hutaamini."

"Nani?"

"Hospitali! Nimepita pale kwenye dirisha la malipo, nikauliza tu, kwa upole, je, mtu akilipa mwenyewe zote kwa mkupuo leoleo anapunguziwa? Kuuliza si ujinga. Wakaniambia ndiyo. Bili ni elfu sita na kitu, nimelipa elfu tatu na mia tano. Imekwisha! Nimetoka mle ndani natembea kama sina plasta."

Arlys aliweka chini fimbo ya kusukumia. "Umelipa mwenyewe."

"Mwenyewe, kwa hundi yangu."

"Na bima?"

"Bima ya nini? Nimeiacha kando. Bima haipunguzi hata senti, inapiga mluzi tu, si wewe mwenyewe unasema?"

Arlys alijifuta unga, akachukua simu, akapiga namba ya nyuma ya kadi, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Baada ya muziki mrefu wa kengele za Krismasi, kijana mmoja mchangamfu akapokea, akatafuta jina lao.

"Kwa mwaka huu, mama, mmefikisha dola mia nne na kumi za kizingiti chenu."

"Na ile ya kifundo cha mguu? Ya mwezi uliopita?"

"Kifundo? Sisi hatujaletewa kifundo chochote, mama."

"Kimelipwa leo. Mume wangu kakilipia."

"Aa, kama kakilipia nje ya bima, basi hapa kwetu hakihesabiki. Sisi tunahesabu kile tu kinachopita kwetu. Kuna kingine nikusaidie?"

"Hapana, mwanangu," Arlys alisema. "Umenisaidia."

Verlyn alikuwa bado amesimama na kofia kichwani. Ilimchukua muda, lakini mahesabu alikuwa anayajua, na Arlys aliona yakimwingia usoni moja baada ya jingine. Walikuwa wametoa elfu tatu na mia tano, na kizingiti kiko palepale. Ili nyonga ifanyiwe Desemba, watoe karibu elfu sita juu yake, nao hawana. Ikifanyiwa Januari, ni elfu sita vilevile, nazo hawana. Rahisi imekuwa ghali.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua."

"Mimi nilidhani hela ni hela. Nikitoa mimi, nimetoa."

"Ni sawa, Verlyn."

Watu wa pale wakikwambia ni sawa, tafuta koti lako. Verlyn alilijua hilo tangu siku za uchumba. Alitoka akaenda gereji, akakaa huko na mashine ya kusukuma theluji ambayo haikuwa na ubovu wowote, akaifungua, akaifunga. Arlys akaendelea na mikate. Mmoja ukachanika, akaukunja akautia mdomoni, ndipo alipoanza kulia, mdomo umejaa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Si kwa ajili ya hela. Alikuwa ameshalala juu kichwani mwake. Alikuwa ameshalifungua dirisha upande wake, kidogo tu, kama alivyozoea, na Verlyn ameshalalamika baridi.

Jioni walikula. Kisha Verlyn akapanda kulala kwa makalio, ngazi moja moja, mguu wa plasta umenyooka mbele. Alipofika katikati alitua.

"Mimi ngazi hizi zimenitesa wiki mbili," alisema bila kumtazama. "Wewe miaka miwili."

"Lala, Verlyn."

Asubuhi Arlys alimkuta jikoni amevaa koti jeusi, lile la misiba, na tai.

"Nani amekufa?" Arlys aliuliza.

"Hakuna. Vaa buti, twende hospitali. Uendeshe wewe, mimi nataka kufikiri."

Dirisha la malipo lilikuwa kwenye ukumbi mkubwa, na kwa kuwa ilikuwa Desemba, foleni ilifika kwenye mti wa Krismasi. Nusu ya watu waliwafahamu. Kulikuwa na mke wa mchungaji, kulikuwa na mwenye duka la vifaa, kulikuwa na mzee mmoja wa kiwandani aliyevaa kofia ya kuwindia ya rangi ya machungwa. Zamu yao ilipofika, karani, binti aliyevaa beji yenye jina Mai Yer, aliwatazama kwa tabasamu.

"Karibuni. Mzee, si ulikuja jana?"

"Nilikuja. Mlinipa punguzo," Verlyn alisema. "Nimekuja kulirudisha."

"Unataka kurudishiwa hela?"

"Sitaki kurudishiwa. Nataka mnitoze zaidi."

Binti aliacha kuchapa. "Samahani, mzee?"

"Nitozeni zaidi. Futeni ile ya jana, mpeleke bili kwenye bima kama kawaida, wao waseme nadaiwa ngapi, nilipe zote mpaka elfu sita itimie. Bei kamili."

Nyuma yao foleni ilianza kutulia. Verlyn Tollefson na bei kamili kwenye sentensi moja, hilo lilikuwa jambo geni, na mwenye duka la vifaa alisogea hatua mbele asikie vizuri.

Mai Yer alitazama kwenye kompyuta yake. "Mzee, jana ulisaini kwamba unalipa mwenyewe na tusipeleke kwa bima. Akaunti imeshafungwa. Hili mimi siwezi, ngoja nimwite mkuu wangu."

Mkuu wake alitoka, mwanamume mwembamba mwenye haraka. Alisoma, akakunja uso. Alisema kwamba kufungua akaunti iliyofungwa ni kazi, kwamba mwisho wa mwaka wamezidiwa, na kwamba, kwa heshima zote, haoni sababu. "Mzee, umeokoa zaidi ya elfu mbili. Watu wanakuja hapa kuomba wapunguziwe. Wewe unaomba kuongezewa. Kwa nini?"

Hapo ndipo Arlys alipomwona mumewe akilegeza tai. Katika ukoo wa Tollefson wanaume hawasemi mambo ya nyumbani. Babake Verlyn alimwambia mkewe kwamba anampenda mara moja, wakati wa kimbunga, na ilipoonekana kimbunga kimepita kando akajuta. Verlyn alishika ukingo wa dirisha, mkongojo ukamponyoka ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na sasa hata wasiosikiliza wakageuka.

"Kwa sababu mke wangu halali juu," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nyonga imemwisha. Miaka miwili analala kwenye kochi. Ilikuwa afanyiwe zamani, mimi nikasema tungoje iwe na faida. Hii ndiyo faida niliyoipata. Asipofanyiwa tarehe ishirini na nane, basi tena. Na mimi," alisema, akatazama mti wa Krismasi maana hakuweza kumtazama mtu, "mimi nimechoka kulala peke yangu. Sasa nitozeni."

Kila mtu kwenye foleni alitazama viatu vyake mwenyewe. Mke wa mchungaji alipekua mkoba wake akitafuta kitu ambacho hakikuwamo. Yule mzee mwenye kofia ya rangi ya machungwa alipenga kamasi kwa nguvu. Arlys alihisi uso wote unawaka hadi masikioni. Alitamani sakafu ipasuke immeze, na wakati huohuo alitamani mtu amwambie Verlyn arudie.

Mkuu wa malipo alijikohoza. "Mai Yer," alisema, "ifungue."

"Nimeshaifungua," alisema Mai Yer.

Kampuni ya bima ilipoletewa kifundo, iliguna, ikakipokea, ikakihesabu. Verlyn aliandika hundi ya pili kwa mkono uliotulia, akaipuliza wino ukauke. Kuanzia hapo akawa na hadithi mpya ukumbini kanisani, jinsi alivyolipa bei kamili, na aliisimulia kwa majivuno yaleyale aliyosimulia zamani habari za makopo yaliyobonyea. Sehemu ya mkongojo aliiruka, lakini hakukuwa na haja, wenzake walikuwa wameshaisikia kwa mke wa mchungaji.

"Karibu chamani, wifi," LaVonne alisema siku ya ishirini na nane, akiwa amebeba bakuli la nyama na viazi vilivyookwa na jibini, la kutosha watu kumi. "Na ukiwa humo ndani usiwe mjinga. Waambie wakutazame na macho."

Nyonga mpya ilikaa vizuri. Januari ilipita kwa mazoezi na matusi madogomadogo ya Kinorwe ambayo Arlys aliyajua kwa bibi yake. Plasta ya Verlyn ilitolewa. Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, jua likiwa linang'aa juu ya theluji mpaka linaumiza macho, Arlys alivua koti, akashika nguzo ya ngazi, akapanda. Verlyn alipanda nyuma yake amekunjua mikono yote miwili, ili akianguka waanguke wote.

Hawakuanguka. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka. Upande wake wa kitanda, ambao kwa miaka miwili Verlyn aliutumia kuwekea kuponi zake za magazetini, ulikuwa mtupu, na mashuka yalikuwa mapya, bado yana mikunjo ya dukani. Karatasi ya bei ilikuwa imesahaulika kwenye pindo. Arlys aliisoma. Haikuwa na punguzo.

Alijilaza taratibu. Verlyn akazunguka, akajilaza upande wake, na kitanda kikalia kama kilivyolia siku zote. Wakatazama dari. Arlys alinyoosha mkono akafungua dirisha kidogo.

"Baridi hiyo," Verlyn alisema.

"Ndiyo."

Barabarani gari la kusukuma theluji lilipita likikwaruza.

"Arlys."

"Ee."

"Ile elfu sita."

"Imefanyaje?"

Verlyn alifikiri kwanza, maana si neno alilowahi kulitumia bila kuanza na 'hakuna'. "Ilistahili," alisema.

Arlys aliutafuta mkono wake juu ya blanketi, akaukamata, akaubana mpaka pete zikaumana. Kisha akamwambia avue viatu, mashuka yalikuwa mapya.